Mafundisho ya Manabii wa Kiebrania na Mahali Pake katika Ibada ya Wayahudi

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la sita tukisikiliza somo la dini lililokuwa likifundishwa na mwanachuo mmoja. Somo lilihusu nabii Amosi. Mwanachuo alikuwa amejiandaa vyema: ramani ilikuwa ukutani, andalio la somo lilikuwa mezani, na sauti yake ilisikika hadi madawati ya mwisho. Aliuliza, "Nabii ni mtu wa namna gani?" Mtoto mmoja akajibu kwamba nabii ni mtu anayetabiri mambo yajayo, kama mpiga ramli. Mwanachuo akalipokea jibu hilo, akaliandika ubaoni, akaendelea. Kipindi kilipokaribia kwisha mtoto mwingine akauliza, "Mwalimu, kama Wayahudi walikemewa hivyo, bila shaka walikuwa wabaya kuliko watu wote?" Mwanachuo akasita, kisha akaitikia kwa kichwa, kengele ikalia.

Hatuisimulii habari hii ili kumcheka mwenzetu. Makosa hayo mawili tumepata kuyafanya sisi wenyewe, tena kwa miaka mingi kuliko yeye. Kosa la kwanza ni la maarifa: kumfanya nabii kuwa mwaguzi. Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa haki ya watu: watoto arobaini walitoka darasani wakiamini kwamba mwalimu wao amelihukumu taifa zima. Nasi tunaona kwamba makosa yote mawili yana dawa moja, nayo ni kujua jinsi Wayahudi wenyewe wanavyoyatumia maneno ya manabii wao katika ibada. Hilo ndilo jambo tunalokusudia kulieleza hapa, kisha tutatoa mfano wa somo linaloweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi.

1. Nabii ni nani?

Neno "nabii" tulilo nalo katika Kiswahili limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nalo lina udugu na neno la Kiebrania navi. Maana yake hudhihirika katika kitabu cha Kutoka, sura ya 7, ambamo Haruni anaitwa nabii wa Musa kwa kuwa atasema mbele ya Farao badala ya Musa. Kwa hiyo nabii kwanza ni msemaji: hunena kwa niaba ya yule aliyemtuma. Ikiwa ananena habari za siku zijazo, aghalabu hunena ili kuwaonya watu waache jambo wanalolitenda leo.

Tofauti ya nabii na mpiga ramli ni rahisi kuwaeleza watoto. Mpiga ramli hufuatwa na mtu mwenye haja, huulizwa, hulipwa, na hujitahidi kumridhisha aliyemlipa. Manabii tunaowazungumzia walisema bila kuulizwa, tena aghalabu mbele ya watu ambao hawakutaka kuwasikia. Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, katika ufalme wa kusini wa Yuda. Karibu na mwaka 750 K.K. alikwenda Betheli, mahali patakatifu pa ufalme wa kaskazini wa Israeli, wakati wa Yeroboamu wa Pili. Nchi ile ilikuwa na mali nyingi wakati huo. Amosi aliwakemea wenye mali kwa sababu walitumia mizani ya udanganyifu, walipotosha hukumu mahakamani, na waliwauza maskini kwa ajili ya deni dogo. Amazia, kuhani wa Betheli, alimwamuru arudi kwao Yuda akatafute riziki yake huko. Amosi akamjibu kwamba unabii haukuwa kazi yake ya kumpatia chakula. Alitolewa nyuma ya mifugo, akatumwa.

Hali kadhalika Yeremia, aliyenena katika miaka ya mwisho ya ufalme wa Yuda, alitumbukizwa katika shimo lenye matope. Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo lenye maneno yake kipande kwa kipande na kulitia motoni. Yeremia akayasema tena maneno yale, na mwandishi wake Baruku akayaandika upya. Mwalimu akiwasimulia watoto habari hii, hawatamchanganya tena nabii na mpiga ramli.

2. Vitabu vya Manabii

Maandiko matakatifu ya Wayahudi yamegawanyika katika mafungu matatu: Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, Manabii, na Maandiko. Fungu la Manabii lina sehemu mbili. Manabii wa Kwanza ni Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme. Manabii wa Baadaye ni Isaya, Yeremia, Ezekieli, na vitabu kumi na viwili vifupi, tangu Hosea hadi Malaki, ambavyo huhesabiwa kuwa kitabu kimoja. Samweli na Wafalme pia kila kimoja huhesabiwa kuwa kitabu kimoja. Kwa hesabu hiyo, vitabu vya Manabii ni vinane.

Mwalimu na ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, vitabu kama Yoshua na Wafalme, ambavyo sisi tumezoea kuviita vya historia, kwa Wayahudi ni vya Manabii, kwa sababu historia hiyo husimuliwa kwa jicho la nabii: mfalme hupimwa kwa uaminifu wake, si kwa ukubwa wa jeshi lake. Pili, kitabu cha Danieli, ambacho Biblia za Kikristo hukiweka pamoja na Manabii, kwa Wayahudi kimo katika fungu la tatu. Mtoto akikuta mipango hiyo miwili asiambiwe kwamba mmoja ni wa makosa. Aambiwe kwamba kila jumuiya ina mpango wake.

3. Haftara: usomaji wa Manabii katika sinagogi

Sasa tuingie katika ibada yenyewe. Kila Sabato asubuhi, katika sinagogi, gombo la Torati hutolewa katika sanduku lake na kusomwa kwa sauti ya wimbo. Torati yote imegawanywa katika sehemu 54, nayo husomwa kwa mfululizo hata ikamalizika katika mwaka mmoja. Watu saba huitwa mmoja baada ya mwingine kuijia Torati. Baada yao huitwa mtu mwingine, anayejulikana kwa jina la maftiri. Huyo husomewa au husoma tena aya za mwisho za Torati, kisha husoma sehemu iliyochaguliwa kutoka katika Manabii. Sehemu hiyo ndiyo iitwayo haftara, na maana yake ni hitimisho, kwa kuwa ndiyo inayohitimisha usomaji wa siku ile.

Kwa nini maftiri aanze na Torati kabla ya Manabii? Walimu wa kale wa Kiyahudi walieleza kwamba hufanya hivyo kwa heshima ya Torati, isionekane kwamba vitabu hivi viwili viko daraja moja. Torati husomwa yote, bila kuruka neno, na husomwa katika gombo lililoandikwa kwa mkono. Manabii husomwa kwa kuchagua, na katika jumuiya nyingi husomwa katika kitabu kilichopigwa chapa. Hata hivyo usomaji huo umezungukwa na baraka: moja kabla yake, inayomsifu Mungu kwa kuwachagua manabii wema na kupendezwa na maneno yao ya kweli, na nne baada yake, zinazotaja uaminifu wa Mungu, faraja ya Sayuni, tumaini la ukoo wa Daudi, na utakatifu wa Sabato yenyewe.

Desturi hii ilianza lini? Yako masimulizi yasemayo kwamba ilianza wakati wa mateso ya mfalme Antioko wa Nne, mnamo mwaka 167 K.K., ambapo Wayahudi walikatazwa kusoma Torati, nao wakasoma Manabii badala yake. Masimulizi hayo yameandikwa karne nyingi baada ya matukio, na wataalamu wengi hawayategemei. Lililo hakika ni kwamba katika karne ya kwanza B.K. desturi ilikuwako: Injili ya Luka, sura ya 4, yasimulia jinsi Yesu alivyopewa kitabu cha Isaya katika sinagogi la Nazareti, na Matendo ya Mitume, sura ya 13, yataja kusomwa kwa Torati na Manabii. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa karibu na mwaka 200 B.K., yatoa hata kanuni za usomaji huo.

Kanuni moja ya Mishna yatufaa sana sisi walimu. Wakati huo watu wengi hawakukielewa tena Kiebrania vizuri, kwa hiyo mkalimani alisimama na kutafsiri katika Kiaramu. Msomaji wa Torati hakuruhusiwa kumsomea mkalimani zaidi ya aya moja kwa mara moja. Msomaji wa Manabii aliruhusiwa aya tatu. Tazama basi: waliona kwamba neno takatifu lisiloeleweka na wasikilizaji halijafika. Mwalimu anayesoma sura nzima mbele ya darasa bila kusimama, na aipime kazi yake kwa kanuni hiyo.

4. Jinsi haftara inavyochaguliwa

Haftara haichaguliwi kwa kubahatisha. Mara nyingi huwapo uzi unaoiunganisha na sehemu ya Torati ya Sabato ile. Hii hapa ni mifano michache:

(a) Torati ikisimulia habari za Nuhu na gharika, husomwa Isaya 54, ambamo gharika ya Nuhu inatajwa kuwa kielelezo cha ahadi isiyovunjwa.

(b) Torati ikisimulia wapelelezi waliotumwa na Musa, husomwa Yoshua 2, habari ya wapelelezi wawili waliofichwa na Rahabu katika mji wa Yeriko.

(c) Torati ikisimulia wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari, husomwa habari za Debora katika kitabu cha Waamuzi, pamoja na wimbo wake wa ushindi.

(d) Torati ikisimulia jinsi Yusufu alivyouzwa na ndugu zake kwa vipande vya fedha, husomwa Amosi, tangu 2:6 hadi 3:8, ambamo nabii anawakemea wanaomwuza mtu mwenye haki kwa fedha na maskini kwa thamani ya jozi ya viatu.

Mfano huu wa mwisho wastahili kufikiriwa. Habari ya Yusufu yaweza kusikika kama hadithi ya ndugu wabaya wa zamani sana, ambayo mwisho wake ni mwema. Haftara hairuhusu msikilizaji astarehe. Yamwambia kwamba biashara ile haikwisha siku Yusufu alipopelekwa Misri. Karne nyingi baadaye, katika miji yenye mali, watu bado waliuzwa. Hivyo ndivyo Manabii wanavyofanya kazi katika ibada: huichukua Torati na kuileta mlangoni kwa msikilizaji.

Mara nyingine haftara hufuata kalenda. Mnamo siku ya tisa ya mwezi wa Avu, ambayo huangukia Julai au Agosti, Wayahudi hufunga na kuomboleza kuharibiwa kwa Hekalu: la kwanza lililobomolewa na Wababeli mwaka 586 K.K., na la pili lililobomolewa na Warumi mwaka 70 B.K. Sabato tatu kabla ya siku hiyo husomwa maneno ya lawama kutoka Yeremia na Isaya. Sabato saba baada yake husomwa maneno ya faraja, yote kutoka sura za 40 na kuendelea za Isaya. Tatu za lawama, saba za faraja: hesabu hiyo peke yake ni funzo kwa kila mwenye kazi ya kuwaonya watoto.

Tena kuna desturi nyingine ya upole. Kitabu cha Isaya na kile cha Malaki humalizika kwa maneno makali. Sehemu hizo zikisomwa, aya iliyo kabla ya ile ya mwisho hurudiwa, ili wasikilizaji wasiende makwao na neno la kuangamia masikioni.

Yafaa kuongeza kwamba Wayahudi wa nchi mbalimbali hawafanani katika kila jambo. Wale wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wale wenye asili ya Hispania, na wale wa Yemeni wana tofauti katika sehemu wanazosoma na katika sauti za usomaji.

5. Siku ya Upatanisho

Siku iliyo kuu kuliko zote katika mwaka wa Kiyahudi ni Siku ya Upatanisho, iitwayo Yom Kippur. Watu wazima hufunga kwa muda wa siku nzima, tangu jioni hadi jioni, bila kula wala kunywa, nao hushinda sinagogi wakiomba na kutubu. Msomaji angetarajia kwamba siku kama hiyo itasomwa sehemu inayosifu kufunga. Sivyo. Asubuhi husomwa Isaya 57:14 hadi mwisho wa sura ya 58. Hapo nabii anawauliza waliofunga: mfungo wenu una thamani gani ikiwa siku hiyo hiyo mnawaonea watumishi wenu na kugombana? Kisha anaeleza mfungo unaokubaliwa: kuwafungua walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula, kumkaribisha asiye na makao, kumvika aliye uchi.

Alasiri ya siku hiyo husomwa kitabu chote cha Yona, nabii aliyemkimbia Mungu ili asipeleke onyo Ninawi, mji wa adui. Watu wa Ninawi, ambao si Waisraeli, walitubu wakasamehewa. Nabii mwenyewe akakasirika. Basi katika saa takatifu kabisa ya mwaka, jumuiya husikia kwamba wageni waliwahi kutubu upesi kuliko nabii wao alivyowahi kutii, na kwamba rehema haina mpaka wa taifa.

Watoto wetu wengi, Waislamu na Wakristo, wanakufahamu kufunga, na Yona wanamjua; Waislamu humwita Yunus. Hapa mwalimu ana daraja tayari la kuvukia.

6. Manabii ndani ya sala

Manabii hawaonekani katika haftara tu. Katika sala ya pamoja iitwayo Kedusha, jumuiya husimama na kutamka maneno ya viumbe wa mbinguni ambayo Isaya aliyasikia katika maono yake Hekaluni (sura ya 6), pamoja na yale aliyoyasikia Ezekieli alipokuwa miongoni mwa mateka wa Babeli (sura ya 3). Kwa hiyo katika sala moja hukutana nabii wa Hekalu na nabii wa uhamishoni. Wayahudi walipopoteza Hekalu, sadaka za wanyama zilikoma. Kusoma na kusali vikabaki, na maneno ya manabii yakawa sehemu ya vyote viwili.

7. Tahadhari kwa mwalimu

Sasa turudi kwa yule mtoto aliyeuliza kama Wayahudi walikuwa wabaya kuliko watu wote. Wahenga wetu walisema, nyani haoni kundule. Ni desturi ya mataifa kuhifadhi sifa zao na kufukia aibu zao. Hapa tuna watu ambao waliyatunza maneno makali yaliyosemwa dhidi ya wafalme wao, makuhani wao na matajiri wao, wakayanakili kwa mkono, wakaagiza yasomwe hadharani, kwa wimbo na kwa baraka, mbele ya wake kwa waume na watoto. Tunazijua dhambi alizozikemea Amosi kwa sababu Wayahudi wenyewe hawakuzificha. Basi mwalimu anayeyatwaa maneno hayo ya kujisahihisha na kuyageuza kuwa hati ya mashtaka dhidi yao, amewashuhudia uongo. Katika historia ya dunia ushuhuda wa namna hiyo umewatanguliza wengi katika chuki, na chuki imetanguliza mauaji. Jibu lililompasa mtoto yule lilikuwa hili: "Hapana. Walikuwa watu kama sisi. Ila wao waliandika makosa yao ili wajifunze."

Tahadhari ya pili ni kwamba Wayahudi wasielezwe kama watu wa kale waliokwisha. Ibada tuliyoieleza inafanyika leo. Nairobi kuna sinagogi. Mashariki ya Uganda, katika vilima vya karibu na Mbale, wanaishi Abayudaya, jumuiya ambayo mwanzilishi wake, Semei Kakungulu, aliifuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Katika utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, dini yao ilipigwa marufuku, nao waliobaki waliishika kwa siri. Mtoto akijua hivyo, atajua kwamba anazungumza habari za jirani.

8. Mfano wa somo

Darasa: la sita. Muda: dakika 40. Mada: Nabii Amosi na habari ya Yusufu.

Shabaha: Mwishoni mwa somo watoto waweze (i) kueleza tofauti ya nabii na mpiga ramli, (ii) kueleza haftara ni nini, (iii) kutaja jambo moja linalounganisha habari ya Yusufu na maneno ya Amosi.

Zana: Ramani inayoonyesha Yuda, Israeli, Tekoa na Betheli, mizani ya duka au ya kutengenezwa kwa kamba na vifuu vya nazi, karatasi ndefu iliyozungushiwa vijiti viwili iwe mfano wa gombo.

Hatua ya kwanza (dakika 8): Mwalimu apime mchanga kwa mizani iliyopotoshwa makusudi, na awaulize watoto ni nani anayepata hasara. Wataje wenyewe jinsi mnunuzi maskini anavyodhulumiwa.

Hatua ya pili (dakika 12): Mwalimu asimulie kwa kifupi jinsi Yusufu alivyouzwa, kisha asimulie safari ya Amosi kwenda Betheli, akionyesha njia kwenye ramani. Asimame kila baada ya maelezo mafupi na kuuliza, kama alivyosimama msomaji wa zamani kumngoja mkalimani.

Hatua ya tatu (dakika 12): Mwalimu aeleze kwamba mvulana wa Kiyahudi afikapo umri wa miaka 13 huhesabiwa kuwa mtu mzima katika ibada, na mara nyingi husoma haftara mbele ya jumuiya, katika jumuiya nyingi siku hizi wasichana nao husoma. Watoto wafungue gombo la karatasi, ambamo mwalimu ameandika kwa maneno yake mwenyewe muhtasari wa habari hizo mbili, na wawili wasome mmoja baada ya mwingine. Wasiigize baraka wala sala. Ibada ya watu huelezwa kwa heshima, haifanywi mchezo wa kuigiza.

Hatua ya nne (dakika 8): Watoto wajibu: Kwa nini habari hizi mbili husomwa siku moja? Mwalimu asiwape jibu upesi, awasubiri.

9. Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini kitabu cha Wafalme huhesabiwa miongoni mwa Manabii.
2. Linganisha usomaji wa Torati na usomaji wa haftara kwa kutaja tofauti tatu.
3. Andaa hatua ya kwanza ya somo juu ya Isaya 58 kwa darasa lenye watoto Waislamu na Wakristo.
4. Mtoto anasema, "Yona alikuwa nabii mbaya." Utamjibuje?

Hitimisho

Mwanachuo tuliyemtaja mwanzoni alirudi darasani wiki iliyofuata. Alifuta neno "mpiga ramli" mbele ya watoto, akawaambia kwamba yeye ndiye aliyekosea kulikubali, na kwamba jibu lake kwa swali la mwisho pia halikuwa la haki; kisha akaanza somo upya. Watoto walimsikiliza kwa utulivu ambao hatukuuona siku ya kwanza. Sisi tuliokaa nyuma tulijifunza kwamba mwalimu aliyekubali kukosolewa mbele ya darasa alikuwa amekwisha kuwafundisha nusu ya somo la manabii kabla hajaigusa chaki.